Siku Niliyowapigia Honi Wenye Sherehe

Habari hii siipendi kabisa, na ninyi mlioiona ile picha yangu kwenye simu za watu, nina shada la maua shingoni na matope mpaka kwenye nyusi, naomba mcheke sasa hivi mmalize, kwa sababu nikianza kusimulia nitakasirika, na siku hizi nikikasirika watu ndio wanazidi kucheka.

Kwanza muelewe hasira yangu ilikotoka. Tangu mafuta yaadimike hapa Bujumbura, wanafunzi wengi wa chuo chetu tumehamia kwenye skuta za umeme (yangu ni ya dada yangu mkubwa, tunapokezana, naipanda kutoka Ngagara), na ndani ya chuo barabara ni moja tu, ya magari, ya waenda kwa miguu, ya mama wa karanga, ya kila kiumbe chenye miguu au magurudumu. Wenzetu watatu wamegongwa na magari yanayorudi nyuma bila dereva kugeuza shingo. Mimi ni delege, mwakilishi wa darasa, nikaandika barua, nikaandika nyingine, nikashinda kwenye korido ya Doyen wetu, mkuu wa kitivo, mpaka katibu wake akawa ananiwekea kiti bila kuniuliza. Mwishowe tukapewa njia yetu ya skuta, kipande cha pembeni kutoka getini hadi kwenye ukumbi mkubwa, tukakifagia na kukipaka mistari ya njano kwa mikono yetu wenyewe, Jumamosi asubuhi, saa zile za kazi za jumuiya. Lakini ilikuwa ya majaribio. Doyen alisema Ijumaa atakuja na wajumbe wake kusimama mwisho wa njia waone kama inafanya kazi, na isipofanya, basi walimu nao wana magari yao na hawana pa kuyaweka.

Sasa njoo uone watu! Rangi ilikuwa haijakauka vizuri, tayari kila mtu kaipenda njia. Huyu kasimama katikati anaongea na simu, yule kamsimamisha mwenzake wanaulizana habari za tangu Krismasi, na mimi niko nyuma yao na skuta yangu kama mtu anayesubiri sakramenti. Na kwetu humpiti mtu mzima ukiwa umekaa juu ya kitu. Unashuka, unampa mkono, unauliza nyumbani wameamkaje, watoto je, mama je, ndipo unaomba kupita. Jumatatu nilishuka, Jumanne nikashuka, Jumatano nikashuka mbele ya mzee mmoja ambaye baada ya salamu zote hizo alinijibu, "Pita tu, mi sikukatazi," na hakusogea hata kidole!

Ijumaa asubuhi nikaamua, na uamuzi huo ndio ulioniponza: leo sishuki. Leo napiga honi. Haki yangu imepakwa rangi pale chini, mwenye macho aisome.

Nimeingia tu getini, nakuta njia imejaa ukoo mzima. Siku hiyo kulikuwa na soutenance, kijana mmoja alikuwa anatetea kazi yake ya mwisho mbele ya walimu, na ninyi mnajua soutenance zetu, mtu mmoja anaulizwa maswali na watu thelathini wanakuja kumsindikiza. Akina mama wamefunga imvutano zao begani, zile nguo za sherehe, wanang'aa, mashangazi wamebeba maua, mpiga picha anatembea kinyumenyume mbele yao, na wote, wote kabisa, ndani ya mistari yangu ya njano, kwa sababu ndipo palipokuwa safi.

Nikapiga honi. Ndefu.

Wakapiga vigelegele.

Nikapiga tena, kwa hasira, mara tatu mfululizo, wakageuka wanacheka na kupiga makofi, na hapo ndipo akili ikanijia (imechelewa, lakini imekuja) kwamba mjini kwetu honi ndefu mbele ya watu waliovaa hivyo ina maana moja tu, ni ya harusi, ni ya furaha! Walidhani kijana wao ameniagiza niwaongoze. Wakafungua njia, nikamshukuru Mungu, kumbe hawanipishi, wananiweka katikati, na shangazi mmoja akanivisha shada la maua. Mpiga picha akaniambia, "Cheka kidogo, mademoiselle!" Na mimi, delege, mwandishi wa barua mbili, nikacheka. Uso wangu huu huu. Sijausamehe mpaka leo.

Nikainua macho, nikamwona Doyen kule mwisho na wajumbe wake wawili na karatasi zao, wanatazama njia ya skuta inavyofanya kazi: skuta moja, watu thelathini kwa miguu, na maua. Nikataka kujinasua, nikazungusha mkono wa mwendo, mpiga picha naye akarudi nyuma upande ule ule, nikamkwepa, nikaingia kwenye mtaro mzimamzima na skuta ya dada. Honi ikakwama. Ikawa inalia yenyewe mle mtaroni bila kukoma, na wale wa nyuma ambao hawakuona kilichotokea wakaendelea kupiga vigelegele.

Bibi yake yule kijana ndiye aliyenivuta, akanifuta uso na ncha ya imvutano yake mpya.

"We unasoma na mutoto wetu?"

"Apana, nyanya. Simujui."

"Sasa ile honi ilikuwa ya nini?"

"Nilikuwa nawaambia mutoke. Hii njia ni ya skuta."

Akaitazama mistari chini kama ndiyo kwanza anaiona. Aliona haya kweli, na hilo liliniuma kuliko goti. "Yee, mutoto wangu. Ungeshuka tu ukatusalimia, tungetoka wote."

Doyen akaja, akaangalia mtaro, akaangalia shada langu. "Mademoiselle, hii piste ni ya skuta ao ya harusi?" Akakunja karatasi yake, na Jumatatu iliyofuata magari ya walimu yalikuwa yamepangwa juu ya rangi yetu, moja baada ya jingine, nasi tumerudi kule barabarani nyuma ya matairi yao.

Bado nina hasira, msidhani imeisha. Njia ilikuwa yetu, na mtu hapaswi kuomba ruhusa ya kupita mahali alipopewa. Lakini nilikuwa na watu thelathini ambao wangenipisha kwa neno moja, nikawanyima neno hilo. Nimeapa sitampigia honi mtu ambaye sijamsalimia. Sasa nashuka. Nachelewa kila siku, nanung'unika kila siku, na nashuka.