Amen ya Sylvère

Sylvère hana simu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo ambalo shule nzima ililisahau kwa pamoja.

Anatoka Buterere, mtaa wa kimaskini pembezoni mwa mji, anakuja kwa miguu, na akifika anapangusa matope ya viatu kwa majani kabla ya kuingia darasani. Mama yake, Léoncie, anauza lengalenga, yaani mchicha, katika soko letu la Buyenzi. Mama yangu hununua kwake, na kila mara wanagombana juu ya ukubwa wa fungu, halafu wanaulizana habari za watoto. Sylvère mwenyewe ni mpole kupita kiasi. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayekuomba radhi. Tabia hiyo inaniudhi sana, na ndiyo iliyomponza.

Mwezi wa pili, Madame Dative, mwalimu wetu wa Kifaransa, alitupa insha: siku ambayo sitaisahau. Wengi tuliandika harusi. Sylvère aliandika alfajiri ile maji ya mvua yalipoingia nyumbani kwao. Madame aliisoma, akaisoma tena, akaandika sifuri kwa wino mwekundu, na pembeni akaandika IA. Ndivyo tunavyoiita akili bandia shuleni, kwa Kifaransa, herufi mbili tu. "Mtoto wa Buterere haandiki hivi," alisema, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Sifuri ile ilikuwa nzito. Sylvère alikwisha kurudia darasa mara moja, na kwetu anayefeli mara ya pili haitwi tena shule inapofunguliwa Septemba. Angekwenda kulima mpunga na mjomba wake, basi. Alimweleza Madame kwamba hana simu. Madame akamjibu kwamba simu za kuazima zipo. Sylvère akaeleza darasa zima, na darasa likatikisa kichwa kwa huruma, likaendelea kuamini wino mwekundu.

Aliyekasirika kwa niaba yake alikuwa Joëlla, rafiki yangu, mkuu wa klabu ya filamu. Alisema tutatengeneza filamu juu ya IA madarasani, ya watu halisi na maneno yao wenyewe. Tungeonyesha kwamba wanaoitumia ni wote isipokuwa mmoja, na Madame akiona hivyo angeifuta sifuri. Mimi nikapewa kamera, yaani simu ya Joëlla, juu ya miguu mitatu ambayo baba yangu, fundi wa pikipiki, aliiunga kwa vyuma vya ekzosi. Inanuka moshi mpaka leo, lakini haitikisiki.

Tukaanza mahojiano, na hapo tukagundua kwamba katika shule yetu hakuna mtu hata mmoja anayetumia IA. Kila tuliyemweka mbele ya kamera alinyoosha kola, akasema amesikia kwamba wengine wanaitumia. Wengine gani? Wa madarasa mengine. Tukaenda madarasa mengine, wakasema ni wa darasa letu. Valéry, ambaye hata salamu za sikukuu anaandikiwa na mashine, aliitazama kamera bila kupepesa. "IA? Apana. Mi naionaka tu ku télé." Kwetu mtu hajianiki hadharani, mambo ya ndani yanabaki ndani. Filamu yetu ikawa juu ya kitu kisichokuwepo.

Ndipo Joëlla, ambaye huimba kwaya, akakumbuka kwamba kanisani kwao kuna saa moja ambapo mtu husema yote mbele ya watu, tena kwa sauti. Ni saa ya ushuhuda. Akakusanya darasa wakati wa mapumziko, akafunga mlango, akanikonyeza niwashe kamera, akainua mkono.

"Yesu asifiwe!"

"Amen!" likaitikia darasa, kabla halijajua linaitikia nini.

Valéry akasimama wa kwanza. "Bandugu, mi nilikuwa mufungwa. Devoir ya nyumbani ya biologie, IA. Ya histoire, IA. Hata barua ya kuomba préfet wa shule musamaha, IA ndiyo iliomba."

"Amen!"

"Lakini leo nimefunguliwa!"

"Amen!"

Simu yake ikalia mfukoni, akaizima bila kuitazama.

Baada ya hapo watu wakagombania zamu. Ingrid alilia. Moubarak, Mwislamu mwenzangu wa Buyenzi, alishuhudia akamalizia na Alhamdulillahi, wakamwitikia Amen vilevile. Mmoja alikiri kuiba chaki, jambo ambalo halikuhusu, akapigiwa makofi. Kila aliyemaliza alikumbatiwa na kuitwa ndugu. Mimi nilisimama nyuma ya vyuma vyangu nikifurahi. Ushahidi wote ule, na Sylvère peke yake ameketi kwenye benchi la mwisho, hana la kukiri.

Mlango ukafunguliwa. Madame Dative alikuwa amesikia zile Amen tangu chumba cha walimu. Yeye pia ni mtu wa kanisa, kwa hiyo hakukatiza. Alisimama pale mikono kifuani, akisikiliza.

Sylvère akasimama.

"Hata mi," akasema. "Ile ya sifuri. Nilitumia IA."

Amen aliyoipata ilikuwa kubwa kuliko zote. Walimbeba juu juu. Madame alijifuta macho. Mimi nilikuwa namtazama kwenye kioo cha simu, na nilitamani kumpiga na ekzosi.

Tulimkamata uani. Joëlla akamzibia njia kwa hasira. "We Sylvère, ile ni nini? Si unajua we hukutumia?"

"Najua."

"Sasa?"

Akafikiri kwanza, kama kawaida yake. "Ukweli naisema toka mwezi wa pili," akajibu. "Hakuna hata mutu mumoja alisema Amen."

 Mimi nililia, nasema wazi, na sipendi kulia mbele ya wavulana.

Kesho yake Madame alitangaza msamaha: kila aliyeshuhudia atapewa nusu ya alama zote. Sifuri ikawa kumi kwa ishirini, na Sylvère akavuka darasa. Joëlla alimfuata Madame kumweleza kwamba ushuhuda ule ulikuwa wa uongo. Madame akamwambia kwa upole kwamba mtu aliyekwisha kutubu, marafiki zake wasimrudishe nyuma.

Filamu ilionyeshwa siku ya wazazi. Madame mwenyewe aliomba kuingizwa ndani yake, awaeleze wazazi uwezo wa mashine, na mfano aliouchagua ni insha ya Sylvère, bila kutaja jina. Joëlla alikubali kwa sababu moja tu, angalau watu wangeisikia. Madame akaisoma kwa Kifaransa, na sauti ya Joëlla ikafuata kwa Kiswahili:

"Maji yalipoingia, mama aliinua kwanza mbabula yenye moto, akaiweka juu ya kabati. Ndipo akarudi kutuinua sisi watoto. Alisema sisi tukilowa tutakauka, lakini moto ukizimika atatukausha na nini?"

Ukumbi ukapiga makofi. Mzee mmoja alisema Wazungu kweli wamefika mbali.

Mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya Sylvère na mama yake. Léoncie hakupiga makofi. Habari za mashine zilikuwa zimempita, lakini habari za mbabula, ile ya kupikia kwa makaa, alizisikia vizuri. Akamwinamia mwanawe.

"Huyu mwenye kuandika, mama yake alianza na mbabula?"

"Ndiyo, mama."

"Mbele ya kuinua batoto?"

"Mbele ya kuinua batoto."

Akakunja na kukunjua pindo la kitenge chake. "Mi nilizani niko peke yangu," akasema. "Toka ile siku naonaka haya kukuangalia."

Kisha akamgeukia mwanawe.

"Anakaa wapi, huyu?"

"Upande wa kwetu."

"Basi umusalimie mama yake."

"Nitamusalimia," akasema Sylvère, akamshika mkono.