Mgeni Rasmi Asiyeona Darasa

Hasira niliyokuwa nayo mwaka ule ingechemsha chai ya Isiolo nzima, ya wenyeji na ya madereva wanaopita tu kwenda Moyale, bila kijiti kimoja cha kuni. Na yote ilikuwa ya mtu mmoja: mwakilishi wadi wetu, mheshimiwa.

Mchana nilikuwa naziba pancha za malori. Jioni nilikuwa mwanafunzi wa kidato cha nne, mzee mzima na kitambi changu, kwenye dawati la watoto ambalo shule ya msingi ilituazima pamoja na darasa. Darasa lenyewe halikuwa na umeme. Tulikuwa tunaanza saa kumi na moja, Waislamu wanatoka kuswali magharibi, na wakirudi wanakuta giza limeshameza ubao. Tunamalizia kwa tochi za simu, mpaka simu nazo zinachoka. Afisa wa elimu alikuwa ametuambia bila kuficha: vipindi visipokamilika, darasa hili halitatoa watahiniwa. Yaani mtihani niliouota tangu niache shule nikachunge mbuzi kule Kipsing ungenipita kwa sababu ya balbu.

Sasa tulifanya nini? Tulifanya kile ambacho kila shule hufanya. Tukamwalika mheshimiwa awe mgeni rasmi.

Mara ya kwanza tulikodi hema na viti vya plastiki, tukachinja mbuzi, tukaleta spika za kugeuza shingo za twiga kule Samburu. Akaja amechelewa mpaka mbuzi karibu afufuke. Akala, akacheza na akina mama, akashika maiki: "Taa? Hiyo hesabuni mmepata!" Tukapiga makofi kama wendawazimu. Taa haikuja. Tukamwalika tena, mbuzi mwingine, ahadi ileile. Mara ya tatu alikuja na ahadi imenenepa kuliko mbuzi.

Baada ya hiyo ya tatu nilisimama darasani nikasema kesho naenda kumtukana mbele ya ofisi yake, watu wajae mpaka barabara ifungwe.

"Wewe fundi," akasema mama niliyekaa naye dawati moja, muuza maziwa ya ngamia, "si unamtukana kila siku hapa?"

"Kila siku!"

"Amewahi kusikia?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu wetu, mama mmoja mwembamba wa kutoka Kinna, hakucheka. Alikuwa anaufuta ubao polepole.

"Amekuja hapa mara tatu," akasema. "Siku hizo tatu, nani alisoma?"

Kila alipokuja mheshimiwa, masomo yalifutwa. Madawati yalitolewa nje kupisha hema. Mtu amekuja darasani mara tatu na hajawahi kuliona darasa! Nikakasirika upya, na safari hii sikujua nimkasirikie nani. Hiyo hasira isiyo na mwenyewe inauma kuliko ile nyingine.

Asubuhi ya Jumamosi nikamsindikiza Mwalimu nyumbani kwa mheshimiwa. Uani watu walikuwa wamejaa kama ng'ombe kisimani, kila mmoja na shida yake: karo, hospitali, mazishi. Zamu yetu ikafika.

"Mwalimu, leo unataka nini?" Alishachoka kabla hatujakaa.

"Sitaki kitu, mheshimiwa. Jumatano njoo darasani."

"Sherehe ya nini tena?"

"Hakuna sherehe. Kuna hesabu."

Alimtazama kama mtu aliyepewa chenji zaidi. Mimi nilikuwa na matusi yangu tayari kooni, nimeyapanga vizuri. Mwalimu akanikanyaga mguu.

Mwalimu mkuu wa ile shule ya msingi iliyotuazima darasa aliposikia alishika kichwa. "Mtamkalisha mheshimiwa kwenye dawati? Bila hata soda? Mtatuaibisha!" Kwake aibu ilikuwa soda. Sisi kukosa mtihani haikuwa aibu ya mtu yeyote.

Jumatano akaja, na cha ajabu, karibu mapema. Akatafuta hema kwa macho. Mwalimu akamwonyesha nafasi kati yangu na mama wa maziwa, akaendelea na pembetatu zake. Mheshimiwa akainuka, akakohoa kile kikohozi cha hotuba.

"Mheshimiwa," Mwalimu akasema bila kugeuka, "hapa anayetaka kuongea huinua mkono."

Akakaa. Magharibi ikafika, watu wakaenda kuswali, wakarudi. Ubao ukatoweka.

"Sasa mnaonaje?" mheshimiwa akaninong'oneza.

"Hatuoni," nikamwambia. Hilo ndilo tusi pekee lililonitoka.

Mama wa maziwa hakumhurumia. "Wallahi simu yangu imekufa. Simama hapo mbele, utumulikie."

Akasimama. Mwakilishi wadi, na saa yake ya kung'aa, akashika tochi ya simu juu ya ubao mpaka mkono ukachoka, akabadilisha mkono, akabadilisha tena. Katikati ya swali la nne simu yake ikazima. Tukakaa gizani wote, yeye pamoja nasi, na hakuna aliyepiga makofi.

Sola aliyoileta mheshimiwa ilifungwa juu ya paa kabla ya usajili wa mtihani kufungwa. Ndiyo, niliandikishwa; ndiyo, nilipita, na mama wa maziwa akanishinda kwa hesabu. Lakini msidhani hasira iliisha. Jambo la kufungwa asubuhi moja tulilichinjia mbuzi watatu!

Jioni ya kwanza ya taa alitaka kuleta hema, azindue. Mwalimu akamwambia masomo hayafutwi, lakini nafasi yake ipo. Akaja akakaa. Alipotaka kusema neno, mama wa maziwa akamgusa kiwiko, na mheshimiwa akainua mkono.

Mwalimu alimwacha kidogo tu, mpaka yeye Mwalimu alipomaliza sentensi aliyokuwa akiandika ubaoni. Mimi ningemwacha vile vile, mkono juu, mpaka uchaguzi.