Baiskeli Isiyooshwa

Godelieve alikuwa mwanamke mwenye hasira, na kijijini kwao, huko Flanders, hakuna aliyemnyima sifa hiyo. Aliuza chipsi kwenye kibanda cha uwanja wa kanisa, na mteja aliyethubutu kuruka foleni alirudishwa nyuma kwa sauti iliyofika mpaka makaburini. Watu walisema kazaliwa hivyo. Uongo mtupu! Hasira ile ilimwingia mwaka ambao baiskeli ya mumewe, Ward, yenye fremu ya kaboni, ilikatika vipande viwili katikati ya mteremko. Ward aliinunua kwa kupeana mkono tu, bila kuikagua. Tangu ajali ile anakula supu, tena kwa upande mmoja wa mdomo.

"Chuma kikichoka hupinda, hulia, hukuonya," Godelieve alizoea kuwaambia wateja wake, watake wasitake. "Kaboni ni mnafiki. Leo inakuchekea, kesho inakuzika."

Huyo ndiye aliyeingia baa ya klabu ya baiskeli, siku moja baada ya mashindano ya kijiji, kumnunulia binti yake Hanne baiskeli ya mbio. Hanne alikuwa na miaka kumi na saba, na Jumapili iliyofuata angeshindana na wasichana wenzake kwenye mteremko uleule uliomvunja baba yake taya.

Baiskeli yenyewe, ya kaboni nayo, ilikuwa imesimamishwa juu ya meza katikati ya baa, imeganda tope kuanzia usukani mpaka tairi. Mwenye kuiuza alikuwa Etienne, mwenyekiti wa klabu. Mwanawe Siebe ndiye aliyeiendesha jana yake na kushinda. Sasa kwao, baiskeli iliyoshinda mashindano ya kijiji haioshwi. Tope ndiyo heshima yake, na mnunuzi huondoka nalo kwa madaha kama bibi harusi na shela. Unampa muuzaji mkono, anakununulia bia, yamekwisha. Desturi nzuri sana hiyo, kwa wenye kuuza!

"Nileteeni ndoo ya maji na kitambaa," Godelieve alisema.

"Ya kazi gani?" Etienne aliuliza huku akicheka.

"Nikuogeshe wewe. Ya kuoshea baiskeli, ya nini tena?"

"Lieve, dada yangu, hilo ni tope la ushindi! Hapa ndani hajatokea mtu wa kuliosha."

"Na mimi sijaona tope likishikilia fremu. Ndoo!"

Mzee mmoja kwenye kaunta akapaza sauti. "Jamani, mwacheni, anadhani anachambua viazi!"

"Viazi vibovu navitupa," Godelieve alimjibu bila kugeuka. "Wewe nakuhurumia tu."

Baa nzima ikaangua kicheko. Hanne akainama kwa haya.

"Mama, tafadhali, watu wanatuangalia."

"Waangalie. Macho hayana pazia."

Ndoo ikaletwa, kwa shingo upande. Godelieve akakunja mikono ya sweta, akaanza kuosha. Aliosha uma wa mbele, akapitisha ukucha kila palipounganishwa. Akatoa sarafu mfukoni, akawa anaigongagonga fremu taratibu, sikio karibu kabisa. Ti, ti, ti. Sauti kavu, safi. Alipofika bomba la chini la fremu, karibu na pedeli, sarafu ikasema du. Akarudia. Du.

Pale palibandikwa stika ya klabu, mpya kabisa. Akaibandua. Chini yake rangi iling'aa kuliko rangi ya kwingine kote. Akaikwangua kwa ukucha, na ufa ukajitokeza, mwembamba kama unywele, umezunguka nusu ya bomba. Alipoukandamiza kwa kidole gumba, ukabonyea.

Hapo damu ikamchemka.

"Ungeniulia mwanangu, Etienne!"

"Mkwaruzo tu huo, Lieve. Rangi imetoka kidogo."

"Mkwaruzo haubonyei! Weka kidole chako hapa. Weka!"

Etienne hakuweka. "Sikujua," alisema.

"Wewe hukujua, ila stika ilijua pa kukaa?"

Safari hii hakucheka mtu. Siebe, aliyekuwa amekaa na wenzake akinyweshwa bia za pongezi, akaweka glasi chini, akasogea mezani. Alikuwa kijana wa miaka ishirini, mashavu bado mekundu kwa upepo wa jana. Akaweka kidole chake pale, akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Baba, nilipoanguka ile siku ya mvua, uliichukua hii ukaenda nayo gereji. Ukaniambia umeikagua, ni nzima."

"Siebe, si hapa, mbele za watu."

"Ulipaka rangi wewe?"

"Mashindano yalikuwa yamekaribia, mwanangu. Ulikuwa na miguu ya kushinda. Ningekwambia, ungeogopa."

Godelieve alikuwa na maneno mengine tele, makali, ya miaka yote aliyomkorogea Ward supu. Badala yake akamvuta Hanne karibu na kumshika mkono kwa nguvu, na safari hii binti hakuona haya.

Siebe hakuondoa kidole chake kwenye ufa.

"Jana ulikuwa umesimama pale chini ya mteremko," alimwambia baba yake. "Nilikusikia. Ulikuwa unanipigia kelele niachie breki."