Volyumu Niliyoitia Kwenye Gitaa la Ndugu Yangu

Namshukuru Mungu Mwenyezi aliyenifikisha siku ya leo, na kwa jina lake nawasalimu nyote, wakubwa kwa wadogo. Msimamizi wa ukurasa, naomba ulifiche jina langu. Nina miaka sabini na sita, natoka Kitui, na ni mzee wa kanisa kwa miaka mingi.

Katika miaka ya sabini nilikuwa fundi wa redio pale soko la Tulia. Ndugu yangu mdogo alipiga gitaa la umeme katika bendi ya benga, na mimi, niliyekuwa nimeokoka karibuni, niliona anaipeleka roho yake motoni. Karibu na Krismasi aliniletea gitaa lake la mtindo wa zamani, volyumu imekufa, yaani kile kifaa cha kuzungusha ili kuongeza au kupunguza sauti. Akaniambia, "Mwana wa mama, nitilie inayofaa. Nataka sauti ikate kama wembe."

Niliijua inayofaa. Kwenye droo nilikuwa na volyumu ya omu laki tano (omu ni kipimo cha jinsi kifaa kinavyozuia umeme), niliyoitoa katika redio kuukuu ya valvu. Hiyo ingeuachia ukali wote wa nyuzi upite. Kando yake palikuwa na ya omu elfu kumi, ya redio ndogo ya transista, ambayo ikiwekwa kwenye gitaa humeza sauti nyembamba na kuacha mvumo hafifu. Niliomba kwanza. Kisha nikaichomea ile ya elfu kumi, nikitumaini kwamba watu wakimcheka mara moja tu, ataacha dansi na kurudi kanisani. Kwangu hapakuwa na kipaza sauti cha kujaribia. Alilichukua, akanishukuru.

Dansi ilifanyika sokoni mchana wa sikukuu, kwa umeme wa jenereta. Nilitazama kutoka mlangoni pa kibanda changu. Gitaa lilisikika kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Mmoja akauliza kama limeshiba pamba. Wakacheka, wakazomea, kisha wakaanza kurusha mawe. Jiwe moja lilimpasua ndugu yangu paji la uso. Huku damu ikimwingia machoni, alimgeukia mwenzake wa gitaa la pili, nimwite Kilonzo, ambaye asubuhi ile alikuwa amemkazia nyuzi, na ambaye wote tulijua aliitamani nafasi yake. Akanyakua panga kwenye meza ya muuza nyama, akimlaumu kuliharibu gitaa.

Kilonzo aliinua mkono wa kushoto kukinga uso. "Sijaligusa ndani, haki ya Mungu."

Panga lilishuka mara mbili. Vidole vitatu vilibaki vumbini. Nilikuwa hatua thelathini kutoka pale, na sikusema neno.

Ndugu yangu alifungwa. Alipotoka, kaka zake Kilonzo walimvizia katika njia ya Kyuso, wakampiga marungu hadi akapoteza jicho. Mwezi uliopita wajukuu wa nyumba hizo mbili walikatana mapanga kisimani, na mmoja bado amelazwa. Kanisa limeamua wazee wao wawili, ndugu yangu na Kilonzo, wapatanishwe mbele ya ushirika. Ndugu yangu amesema atampa mkono Kilonzo akikiri kwamba aliliharibu gitaa. Na kwamba kama ni mtu mwingine, atamuua hata sasa.

Jana Kilonzo alikuja kwangu, akauweka mkono ule juu ya meza.

"Mzee, nitakiri," akasema. "Sikuligusa, na Mungu anajua. Lakini nimechoka kuuguza. Wewe ndiwe utakayepokea maungamo yangu, kwa hiyo niombee nisilie mbele ya watoto."

Nikamwombea.

Nikinyamaza, nitapokea uongo madhabahuni kutoka kwa mtu niliyemwangamiza. Nikisema, nahofia panga litageukia nyumba yangu, na wajukuu wangu hawajui lolote. Jumapili ni keshokutwa. Nishaurini, wana wa Mungu, nifanye nini?

Bwana awabariki ninyi na nyumba zenu, na mikono ya watoto wenu ibaki mizima.