Nilimuokea Papa mkate wa mihogo usio na ngano, na bado akazidi kukonda

Wakuu, salaam kwenu nyote wa jukwaa la mapishi.

Juzi mwenzetu aliuliza humu namna ya kuoka mkate kwa mtu anayedhuriwa na ngano. Nilimjibu mistari miwili, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Mwisho nimeona nifungue uzi wangu, maana jibu langu lina aibu ndani yake, na aibu haienei kwenye mistari miwili.

Sitapamba kitu. Nisipokumbuka, nitasema sikumbuki.

Mimi ni mtu wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa ukitokea Kigoma. Haya yalitokea tukiwa bado tunaitwa Zaire, mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Nilikuwa msichana wa kujisumbua. Nikikunja shuka na pindo zikapishana, nilikunjua nikaanza upya. Kuoka nilijifunza mwenyewe kwenye kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada. Oveni hatukuwa nayo. Niliweka sufuria juu ya mbabula, ndilo jiko letu la makaa, na makaa mengine juu ya kifuniko. Humo nilitoa mikate ambayo wageni waliuliza tumeinunua wapi.

Nilioka kwa ajili ya Papa, baba yangu. Alikuwa fundi wa mitambo bandarini, na kwake asubuhi bila chai na mkate haikuwa asubuhi.

Kisha Papa akaanza kukonda.

Tumbo lilimwendesha miezi na miezi. Shati la kazi lilimning'inia kama limeanikwa. Alitumia dawa za minyoo, dawa za amiba, majani ya kila aina. Hakuna kilichosaidia.

Wakuu, mnajua miaka ile mtu mzima akikonda na kuharisha watu walisema nini. Ule ugonjwa mpya ulikuwa umeanza kutajwa redioni. Hakuna aliyelitamka jina lake mbele yetu. Ila majirani waliacha kunywea vikombe vyetu, na Mama aliacha kulala vizuri. Nilikuwa mtoto wa kutosha kutoelewa kwamba Mama alikuwa akijililia na yeye mwenyewe.

Hospitalini kulikuwa na daktari, mama mmoja mgeni, tukimwita Mama Dokta. Alimkagua Papa, akauliza anakula nini, tangu lini, na nini kinamchafua zaidi. Akasema kuna watu ambao tumbo lao linapigana na ngano. Kipimo cha kuthibitisha hapa hakuna, ila tunaweza kujaribu.

"Wiki sita, Papa, bila ngano hata chembe. Ukinenepa, tumejua. Usiponenepa, tutafute ugonjwa mwingine."

Ugonjwa mwingine. Sote watatu, Papa, Mama na mimi, tulijua upi.

Njiani Papa alisema kitu kimoja tu: "Kwa hiyo mukate umekwisha."

Nikamjibu, "Hapana, Papa. Nitakuokea."

Hapo ndipo kichwa changu kilipowaka. Unga wote wa ngano niligawa. Ubao nilisugua kwa mchanga na majivu. Chekecheo la zamani nilichoma moto, nikanunua jipya. Kitambaa cha kufunikia nilichemsha mara mbili.

Mkate wa kwanza wa unga wa mihogo ulitoka jiwe. Papa aliugonga mezani.

"Huu tuupeleke kiwandani Kabimba," alisema, "wauchanganye na simenti."

Niliungua moyo. Nikajaribu kuongeza unga wa mchele, ukawa mchanga mdomoni. Nikaongeza ndizi mbivu, ukalowa. Jaribio la saba au la nane ndipo nilipogundua: chukua sehemu ya unga wa mihogo, upike uji mzito kwanza, uache upoe, kisha uchanganye na unga mkavu wa mihogo na mchele, mayai na hamira. Ule uji ndio unaoshikilia mkate badala ya ngano. (Aliyeuliza juzi, jibu lako ndilo hilo. Lakini usikimbie, soma mpaka mwisho.)

Mkate ulipanda. Ulitoka kwenye sufuria mzima, mviringo, umeiva pembeni bila kovu hata moja. Papa aliula akafumba macho.

Wiki ya kwanza tumbo halikubadilika. Nikasema ni mapema.

Wiki ya pili, vilevile.

Wiki ya tatu tulienda kwenye mizani ya Mama Dokta. Papa alikuwa amepungua kilo moja.

Sikuelewa. Niliketi na daftari nikaandika kila kilichoingia mdomoni mwake: bukari, yaani ugali, ya mihogo, samaki, matembele, maharage, mkate wangu. Nilishuku mihogo, pengine haikulowekwa vya kutosha. Nikashuku mayai. Nikashuku maji. Nikabadilisha kimoja kimoja. Kila nilipokosa jibu niliongeza usafi, na kila nilipoongeza usafi mkate ulizidi kupendeza. Papa alizidi kuisha.

Kisha kazini wakamtuma Kabimba siku kumi kutengeneza mtambo. Nilimfungia mikate, akaikataa. Alisema wenzake watamcheka, mwanaume mzima kutembea na mukate wa mihogo.

Siku kumi kule alikula bukari na samaki tu.

Alirudi anatembea, wakuu. Namaanisha kutembea, si kule kujikokota. Alisema tumbo limenyamaza tangu siku ya nne. Mama alipiga vigelegele uani. Mimi nilikimbia jikoni kuoka mkate mzuri kuliko yote.

Baada ya siku mbili tumbo likarudi.

Ndipo akaja Tantine Kalunga, dada mkubwa wa Papa. Ni mtu ambaye akiingia nyumbani hata kuku wanajua. Alimtazama mdogo wake, akamtazama Mama, kisha akanitazama mimi.

"Kabimba alipona," alisema. "Hapa anaisha. Hamuoni? Ugonjwa hauko ndani ya muntu huyu. Uko ndani ya nyumba hii. Iko mukono unaomumaliza."

"Mukono gani, Tantine?" Mama aliuliza.

"Anayemupikia ni nani?"

Nilisubiri Mama anitetee; akaanza kukusanya vikombe.

Tantine alisema Jumapili wadogo zake Papa watakuja kumchukua wampeleke Nyunzu, kwa mtu anayejua mambo hayo. Wiki sita za Mama Dokta zingeishia hapo, bila kuhesabiwa. Na mimi ningebaki na jina la mtoto aliyemloga baba yake.

Hapa niwaambie kitu nisichopenda kukisema. Nilianza kumwamini. Nililala nikitazama viganja vyangu. Nilijiuliza kama inawezekana mtu kuwa mbaya bila kujua, kama kuna kitu kinatoka kwenye vidole vyangu na kuingia kwenye chakula. Kwa sababu hesabu ya Tantine haikuwa na kosa: mbali nami alipona, karibu nami aliisha. Daftari langu lenyewe lilisema hivyo.

Asubuhi ya Jumamosi Tantine alivuta kiti akakaa jikoni, magoti yakigusa mbabula.

"Oka," alisema. "Miye niko hapa. Nataka kuona."

Nikaoka. Nilipika uji, nikaupoza, nikachekecha, nikakanda. Nilieleza kila kitu kama mtoto wa shule mbele ya mkaguzi. Yeye aligunaguna tu.

Nikapaka sufuria mafuta. Kisha nikafungua kikopo kidogo kilichokuwa cha maziwa ya unga, nikanyunyiza, nikazungusha sufuria mpaka ikawa nyeupe pande zote, nikaigonga kuondoa ziada.

"Simama hapo."

"Tantine?"

"Ile poda. Hukuniambia ile."

"Ni ya sufuria tu, Tantine. Mukate usishike."

"Nakuuliza ni poda gani."

"Ni bunga."

"Bunga gani?"

Nikafungua mdomo.

Wakuu, sijui kama mmewahi kusimama namna ile. Jibu lilikuwa mdomoni na sikuweza kulitoa, maana lilikuwa ndilo jibu la swali nililojiuliza kwa wiki tano.

Kile kikopo nilikijaza mwenyewe siku ile nilipogawa unga wote. Nilibakiza kidogo kwa sababu kitabu kilisema: paka mafuta, nyunyiza unga. Kichwani mwangu hakikuwa chakula. Nilikiweka rafu moja na sabuni na brashi ya kusugulia. Kilikuwa chombo. Na kwa kuwa sikutaka kovu hata moja kwenye mkate, nilinyunyiza kwa ukarimu, na ubao nao, na viganja pia.

"Mama Docha!" Tantine alipiga kelele. Docha ndiye mdogo wetu wa mwisho, ndivyo Mama anavyoitwa. "Kuya! Nimekamata dawa!"

Mama alikuja mbio, Papa nyuma yake akishika ukuta. Mama alichovya kidole kwenye kikopo, akaonja.

"Hii njo ngano," alisema polepole.

Nilipiga magoti. Nilisema ni mimi, nilisema Tantine alikuwa na haki, nilisema mengi ambayo sikumbuki. Nilingojea Papa anipige au anifukuze.

Papa alikichukua kikopo, akakitazama ndani.

"Kwa hiyo," alisema, "pengine siyo ule ugonjwa."

Mama akakaa chini, pale pale kwenye majivu, akalia kwa sauti. Papa akakaa kando yake. Hawakunitazama. Walishikana mikono, kitu ambacho sikuwahi kuwaona wakifanya, na Papa akaanza kucheka.

Nami nikabaki na magoti chini, sielewi. Nilikuwa nimemlisha sumu baba yangu kila asubuhi, na wao walikuwa wakimshukuru Mungu kwa ajili ya kosa hilo.

Jumapili wadogo zake walikuja. Tantine mwenyewe aliwarudisha mlangoni. Mama Dokta alisikiliza, akafumba macho kidogo, akasema tuanze hesabu upya.

Bila unga wa kunyunyiza, mkate uligoma kutoka. Ulivunjika, nusu ikabaki sufuriani. Nilitaka kuutupa. Papa alinyoosha mkono, akachukua kijiko, akaukwangua, akala na chai yake.

Kwa wiki sita alikula mikate iliyovunjika kwa kijiko. Alipopanda mizani, alikuwa ameongezeka kilo nne. Mama Dokta alimpima mara tatu, akadhani mizani imeharibika.

Baadaye nilijifunza kutandika jani la mgomba lililopitishwa motoni, na mkate unatoka mzima. Papa hakuupenda. Mpaka anafariki, mzee na tumbo lake zuri, alidai "mukate wa kijiko".

Nilichojifunza: ukimpikia mtu aliyekatazwa kitu, usikague kinachoingia kwenye unga peke yake. Kagua ubao, viganja, na hasa kile unachokifanya ili kipendeze. Mimi kilichomdhuru baba yangu kilikuwa uzuri wa mkate.

Tantine hakuwahi kuniomba radhi. Siku ya kilo nne nilimwendea, nikitumaini neno. Alikuwa anakwangua sufuria yangu.

"Nilisema iko mukono," aliniambia, mdomo umejaa. "Nilidanganya?"

Ni zaidi ya miaka thelathini sasa na bado sijapata jibu. Wakuu, ninyi mngemjibu nini?