Neno Nililomjibu Mkalimani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, katika miaka ile ya themanini, nilitoka Takaungu alfajiri nimevaa shati la kuazima la kaka yangu, naenda Malindi kusailiwa. Kampuni moja ya Uarabuni ilikuwa ikitafuta mafundi seremala, na atakayepita angeombewa viza ya kazi. Nilikuwa na haja moja tu: kumwezekea mama nyumba kwa mabati. Mvua ikinyesha, alikuwa akihamisha kitanda kutoka pembe hii hadi ile.

Nilikuwa kijana wa haya. Shule niliishia ya msingi, lakini randa na patasi zilinitii. Mwalimu wangu alikuwa Fundi Mbwana, Mungu amrehemu, na milango mingi ya mtaa wetu ilitoka mikononi mwake. Ukimsifu, alikujibu, "Aa, nababaisha tu." Nasi tulimwelewa kwamba anajishusha. Kwetu muungwana hakujibu vingine.

Basi nikafika mbele ya meza. Mgeni wa kampuni alikaa na mkalimani, kijana wa bara asiyetuzoea.

"Wewe ni fundi?" mkalimani akaniuliza.

Nikainamisha kichwa. "Nababaisha tu, bwana."

"Unababaisha?" Akanikazia macho. "Unababaisha watu?"

"Kidogo kidogo," nikasema, kwa adabu ile ile.

Waliopanga foleni wakaangua kicheko. "Mwizi mwaminifu huyo!" mmoja akapiga kelele. Mkalimani akamnong'oneza mgeni, nami nikaambiwa nimpishe mwenzangu. Nikashika njia ya kurudi Takaungu.

Jioni nilimkuta Fundi Mbwana akipiga randa ubao wa mvule. Harufu ile, mwanangu, hadi leo ikinipata njiani husimama.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umewajibuje?"

Nikamsimulia. Nilidhani atacheka. Akaweka randa chini.

"Mimi nikisema nababaisha, mlango uko pale, unanisuta," akasema. "Wewe ulikuwa na mlango gani pale mezani? Umejikana, na mimi umenikana. Kesho rudi ukaseme kweli."

Nilirudi. Njia nzima nilikuwa nikitamka peke yangu, "Mimi ni fundi, mimi ni fundi," hata mama mmoja muuza maandazi akaniitikia, "Tumesikia, baba!" Nilipofika, mlinzi akaniambia wageni wameshaondoka na watu wao wametimia. Mwaka ule nyumba ya mama tuliiezeka makuti tena. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Sasa wewe umesomea uchomeleaji, na umeitwa kusailiwa kwa viza ya ufundi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini ni lazima kwanza kionekane. Unyenyekevu ni wa kwetu, tunaokujua. Huko hawakujui, na watalichukua neno lako kama lilivyo. Ukiulizwa unaweza nini, taja kazi uliyoifanya na aliyekufundisha, bila kuongeza chumvi. Usilolijua sema hulijui, na unalolijua usiliite bahati. Kusema kweli juu ya mikono yako si majivuno, mwanangu. Mficha uchi hazai.

Nenda. Mola akupe kauli njema na riziki ya halali, akuepushe na jicho baya, na siku ya kurudi utukute wazima. Amina.