Dole Nyuma ya Pazia

Mume wangu alifariki siku chache kabla ya mavuno ya karafuu, nami nina miaka ishirini na mitatu. Nikakaa eda kwa mama mkwe wangu, katika kijiji kisicho mbali na Mtambile, ndani ya chumba kimoja chenye pazia la kaniki mlangoni. Miezi minne na siku kumi mwanamke huwa kizuka. Haonekani na mwanamume asiye maharimu wake, na kwa desturi yetu hata sauti yake haivuki pazia. Mwenye neno naye humwambia mzee aliyekaa naye, na mzee ndiye anayejibu. Mzee wangu alikuwa huyo mama mkwe, na nikisema kweli, nilimwogopa.

Mali yangu yote ilikuwa daftari la akiba la posta. Nilikuwa na shilingi mia tatu na kumi, za kuchuma karafuu misimu minne na kushona kofia mpaka macho yakanitoka machozi. Fedha zile kwangu zilikuwa cherehani. Eda ikisha nilikuwa nirudi Konde kwa kaka yangu, ambaye mkewe alikuja msibani akanipa pole, kisha kabla hajanyanyuka akaniambia nyumba yao ni ndogo. Mwenye cherehani habanwi na udogo wa nyumba ya mtu. Nililala na kuamka na wazo hilo.

Ujinga wangu niutangulize, ili nisije nikaonekana mtu wa busara. Barua za kijiji zima zilishukia dukani, na mwenye duka ndiye aliyetusomea sisi tusiojua kusoma. Alisoma kwa sauti, mbele ya kila aliyekuja kununua mafuta ya taa. Hakuna aliyeona vibaya. Barua ya mtu mmoja ilikuwa habari ya wote, na kuificha ni kama kula ndani umefunga mlango. Miezi michache kabla ya msiba ilinijia barua ya posta ya kunijulisha kiasi nilichonacho. Niliisimamia pale penye magunia ya mchele, akaisoma mpaka senti ya mwisho. Watu wakasema mashaallah. Nami, mjinga, nikavimba kichwa.

Nilikuwa nimemaliza nusu ya eda alipokuja yule bwana. Ilikuwa mchana, baiskeli ikaegeshwa barazani, hodi ikapigwa kwa adabu. Nilichungulia upenyoni nikaona viatu vya ngozi na mkoba. Alisema Kiswahili cha mjini, kimenyooka.

"Shikamoo, Bi mkubwa. Nimetumwa kwa ajili ya kizuka wako. Madaftari ya posta ya wanawake waliofiwa yanaandikwa upya. Kuna wezi siku hizi, tunawalinda."

"Marahaba, baba. Hilo ni jambo jema," alijibu mama mkwe.

"Asiyeandikisha, fedha zake zitazuiliwa. Naye ana shilingi mia tatu na kumi. Itakuwa hasara."

Amekijuaje kiasi changu? Mume wangu alikijua, na sasa yuko kaburini; la dukani halikunijia akilini. Mama mkwe sikumwambia kamwe, wala yeye hakuwa mtu wa kukaa dukani. Nilimwona mgongo wake ukinyooka. Nikajua kuwa amesikia, na kwamba tangu dakika ile mimi kwake si mjane maskini tena.

Karatasi ikapitishwa chini ya pazia, pamoja na kikopo bapa chenye kitambaa cha wino. Ilijaa maandishi. Mimi nayo tulitazamana. Mama mkwe alikuwa amehifadhi Kurani, lakini herufi za Kizungu kwake zilikuwa nyayo za kuku. Nilimtikisia kichwa, nikamnong'oneza, "Mama, tumngoje kaka aje asome."

Akauliza kwa sauti, "Hatuwezi kuiweka hino karatasi siku mbili tatu, baba?"

"Gari linaondoka, Bi mkubwa. Orodha inafungwa leo. Wenzake wote wameshatia dole."

Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Nikikataa, nitaambiwa nimeufedhehesha mlango wa watu. Nikikubali, sijui ninachokikubali. Wala siwezi kutoka nikamwuliza mtu yeyote. Hata njia ya kisimani niliiona kwa upenyo. Nikaunyoosha mkono wangu wa kulia juu ya wino.

"Tia dole, mwanangu," mama mkwe akasema kwa nguvu, asikie aliye nje. "Ntu haekwi juani kuno kwetu."

Huku anasema hivyo, alinishika mkono akausukuma pembeni. Akachovya dole gumba lake mwenyewe kwenye wino, akaligandamiza chini ya ile karatasi, akaitoa nje ya pazia.

"Keshatia."

"Na daftari?"

"Liko Konde, kwa kaka yake. Hata mie sijaliona."

 Yule bwana akasema hakuna neno, karatasi itatosha, na baiskeli ikaondoka. Mama mkwe alipangusa dole lake kwenye mkeka, akanigeukia, akanyoosha mkono.

"Nilete daftari."

Lilikuwa mbele yake, ndani ya kisanduku changu, na alijua. Ungefanya nini? Nilikuwa nyumbani kwake, ninakula chake, nimefungiwa chumbani mwake. Nikampa. Akalifunga katika pindo la kanga akatoka nalo.

Siku zilizobaki za eda sitazisahau. Niliusikia kila mlango uliofunguliwa. Akienda shambani nilisema anakwenda kwa yule bwana wake. Akiniletea uji nilisema ananinyamazisha. Nilijiambia kwamba wamepatana wawili hao: mmoja ana karatasi, mwengine ana daftari, na dole limetiwa mbele ya macho yangu. Nilisali huku nikimlaani, Mungu anisamehe. Nilimwuliza mara moja tu, "Mama, lile daftari?" Akajibu, "Lipo," akaendelea kupepeta mchele.

Asubuhi niliyotoka eda, baada ya kuoga na kuombewa dua, alinitupia buibui. "Vaa. Twenda Chake."

Tukapanda gari. Posta alinitanguliza dirishani, akafungua pindo la kanga, akaweka daftari langu mbele ya karani. Karani akalitazama, akanitazama mimi, akaenda ndani. Nilidhani anakwenda kuniletea habari kwamba halina kitu. Alirudi na karatasi nikaitambua kabla hajaiweka mezani.

"Hii ililetwa na bwana mmoja," alisema. "Imeandikwa kwamba daftari lako limepotea, na fedha zako zote umempa ruhusa azichukue yeye. Nililinganisha dole na lile ulilotia ulipofungua akiba. Hayafanani hata kidogo. Nikamwambia angoje nimwite mkubwa wangu. Akasema anatoka kutema mate, hajarudi mpaka leo."

"Fedha zangu?"

"Zipo. Lakini dole hili ni la nani? Lina kovu katikati."

Sikugeuka. Sikuhitaji. Kovu lile nililijua, la kisu cha muhogo, nililiona kila siku likinikabidhi bakuli la uji. Upande wangu wa kulia mkono mmoja uliingia ndani ya buibui taratibu.

"Silijui," nikasema.

 Karani akakunja karatasi akairudisha alikoitoa, nami nikatia dole langu nikapewa fedha zangu.

Tulitembea mpaka tukafika mbele ya duka la vyerehani. Mama mkwe akasimama kivulini. Alisema bila kunitazama.

"Mie nilipofiwa na baba yake mumeo nilikuwa na mikarafuu ishirini na saba, urithi wangu kwa mamaangu. Ilipita karatasi chini ya pazia kama hino yako. Nikaambiwa, tia dole, gari linaondoka. Nikatia. Nilipotoka eda sina hata kijiti."

"Nani aliyeileta, mama?"

"Ndugu yangu, baba mmoja." Akajifunga kanga upya, ijapokuwa haikulegea. "Ndo n'katia dole langu, n'kalichukua na daftari. N'lijua mwenye karatasi atatuma ntu mwengine kulitafuta, na weye kwa kuona haya ungempa."

Machozi yalinishuka pale pale njiani. Nilimwambia yote: kwamba nilimdhania mwizi, kwamba nilimlaani kwenye mswala, kwamba nilikula uji wake nikimchukia. Nikamwomba radhi.

"Radhi n'shatoa," alisema. "Kunidhania mie si kosa. Kosa lako lilikuwa kule dukani, penye barua."

Akanitangulia kuingia kutazama vyerehani.